Mlinzi wa Udongo Mchafu

Shemeji yangu watu wanamwita Lita. Jina alilipata kituoni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa pampu katika kituo cha mafuta kilicho kwenye kona ya mtaa wetu, na kazi ile ilimwingia mpaka kwenye mazungumzo. Mvua ikinyesha anasema leo wamemwaga lita nyingi bila risiti. Akiulizwa umri anajibu kwamba tangi limeshuka chini ya nusu lakini injini haijaanza kugonga. Siku nilipomweleza kwamba nimeachwa na mchumba, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono begani, akasema, "Shemeji, ulimjaza mpaka akafurika." Sijui alimaanisha nini, lakini nilijisikia nafuu.

Kituo kilifungwa miaka sita iliyopita. Mwenyewe alihama, pampu zikang'olewa, likabaki paa refu la bati juu ya nguzo nne, chumba cha keshia chenye kidirisha kidogo, na sakafu ya zege yenye madoa meusi. Ufunguo wa geti alibaki nao Lita kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumdai. Kila asubuhi alikwenda kufagia. Ukimuuliza anafagia nini, anasema magari yakirudi yasikute uchafu.

Ukweli ni kwamba nyumbani hakuwa na mahali pa kukaa.

Mke wake ni dada yangu mkubwa, naye ni mwalimu wa chekechea. Chekechea yenyewe iko ndani ya nyumba yao ya vyumba viwili. Alianza na watoto watano, majirani wakaona wanarudi nyumbani wanajua kunawa mikono, wakaleta na wao, sasa wamefika thelathini na mmoja. Wadogo wanakaa sebuleni. Wakubwa, wanaojua kuhesabu mpaka hamsini, wanakaa chumbani, na kitanda cha Lita ndicho dawati lao: saba upande wa kichwani, sita upande wa miguuni. Ubao umechorwa kwenye mlango wa kabati. Kwa hiyo shemeji akitaka shati katikati ya somo, anasubiri, maana kabati likifunguliwa irabu zote zinageukia ukutani.

Suruali anavalia jikoni. Siku moja alichelewa kuoga, akatoka bafuni na taulo, akakuta darasa zima limesimama kwa adabu.

"Shikamoo babu!"

Lita akiamkiwa huitikia kwa kuinua mikono yote miwili. Ndivyo alivyozoea tangu kituoni, kuwaita madereva. Akaitikia "Marahaba, wajukuu!" kwa mikono miwili, na taulo halikuwa na mkono wa tatu wa kulishika. Wazazi walisimuliwa habari hiyo wiki nzima, kila mtoto kwa ufasaha wake.

"Shemeji," aliniambia siku ile, amejificha kwangu, "mimi sitaki mali. Nataka kulala mchana kwenye kitanda changu, basi. Nilipojaribu mara ya mwisho niliamka nikakuta wameniandika namba nane kwenye unyayo."

"Imeandikwa vizuri?"

"Imeandikwa vizuri. Dada yako kaipa alama ya vema."

Ndiyo maana barua ya ofisi ya mji ilipokuja, Lita aliisoma akiwa amesimama. Mji ulikuwa tayari kuwapa wananchi kile kituo cha zamani, na wananchi kwenye mkutano walikubaliana kiwe chekechea. Lakini matangi ya chini yalikuwa yamevuja miaka mingi, na udongo ulikuwa umekunywa mafuta. Lazima usafishwe kwanza, upimwe, kipatikane cheti kabla shule hazijafunguliwa. Cheti kikikosekana kufikia siku hiyo, eneo apewe bwana mmoja aliyeliomba kuwa stoo ya kreti za soda.

Dada aliisoma barua mara tatu, midomo inacheza. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la mahudhurio. Alikuwa ameomba mahali kwa miaka minane. Alishawahi kupewa kibanda cha kuku, akakikataa, si kwa sababu ya kuku bali kwa sababu mlango ulikuwa mfupi na yeye hataki watoto wazoee kuinama.

Mwezi uliofuata akaja mtaalamu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa mabuti ya njano, ana sanduku la vichupa vya kioo na kimashine kidogo chenye mdomo kama wa ndege. Ukikiweka karibu na udongo kinalia. Kikilia polepole, mafuta ni kidogo. Kikilia kwa haraka, usisogee. Mimi aliniajiri kwa upande wa toroli. Shule yangu iliishia la saba, na toroli halijawahi kuniuliza zaidi ya hapo.

Lita alikizunguka kile kimashine kama mtu aliyeletewa mke mwenza.

"Mwanangu, hicho kidude cha nini?"

"Kinanusa petroli na dizeli, baba."

"Kunusa? Mbona pua ipo?" Akajigusa. "Hii pua ina miaka ishirini na miwili kazini. Dereva akifungua kifuniko cha tangi, mimi najua alijaza wapi mara ya mwisho."

Mtaalamu hakubishana. Alichukua vichupa viwili, kimoja cha udongo wa pembeni mwa matangi, kingine cha udongo wa bustani ya zahanati. Akamwambia afumbe macho.

Lita akanusa cha matangi, taratibu, kama mtu anayeonja chai ya wakwe. "Huu safi. Panda maua."

Akanusa cha bustani, akakunja uso. "Huu una matatizo. Una harufu ngeni."

"Harufu ya nini, baba?"

"Sijui. Kama... majani majani hivi."

Mtaalamu akaandika kitu kwenye daftari. Sisi vibarua tulicheka mpaka mmoja akaketi ndani ya toroli. Lita akasema vichupa vimechanganywa, na mjadala ukafungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali la maana, kwamba kama mtu huyu hasikii tena harufu ya petroli, je, nyumbani kwake kukoje? Sisi ndugu tulikuwa tumezoea. Wageni walikuwa wakiingia wanasema, "Hapa pananuka gereji," tunacheka, tunawapa kiti.

Kazi ikaanza. Katapila likachimba, likatoa matangi matatu yaliyoliwa na kutu, kila moja kubwa kama chumba changu. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mweusi unaoteleza, unang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Tuliutoa wote, tukaulundika chini ya lile paa, juu ya plastiki nene, tukaufunika kwa turubai. Malori yangekuja kuupeleka mahali pa mbali unakosafishwa. Mtaalamu alipima shimo kwa kamba, akapima lundo kwa kamba, akasema ni lori tano kamili. Akachukua sampuli za chini ya shimo na za udongo mpya wa kulijazia kuzipeleka maabara, safari ya siku nane. Akazungushia kamba lundo, akasimika kibao chenye fuvu la kichwa na neno HATARI.

"Nani atalinda?" akauliza.

Lita alikuwa ameshapiga hatua mbele. Akapewa kizibao cha kung'aa na filimbi.

"Baba, hata punje moja isitoke hapa."

"Mwanangu, mwizi hatagusa hapa. Mwizi akigusa, nizikwe na filimbi hii mdomoni."

Akalinda. Siwezi kumsingizia. Asubuhi yupo, mchana yupo, kizibao kimefungwa vifungo vyote. Mimi nilikuwa naingiza udongo mpya kwenye shimo, toroli kwa toroli, na kila nikipita nalitazama lundo. Siku ya kwanza lilikuwa kilima. Siku ya nne lilikuwa kama ng'ombe aliyelala. Siku ya saba lilikuwa kama godoro, tena la mtu mmoja.

Lundo lile nililipanga kwa mikono yangu, nalijua. Lakini shemeji ni mkubwa kwangu, na mimi neno likishafika mdomoni huwa linageuza njia. Nilikohoa. Hakusikia. Nikajikaza.

"Shemeji, lundo kama limekaa."

"Udongo ndivyo ulivyo. Hukaa."

"Limekaa sana."

"Limechoka. Hata wewe ungelala chini ya turubai wiki nzima ungepungua."

Nikarudi kwenye toroli.

Mtaalamu alirudi Jumatano saa nne asubuhi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, ingawa dada safari hii hakufunga yake kwa likizo. Alishuka anapunga karatasi: shimo safi, udongo mpya safi, zimebaki lori tano kuondoka na cheti kinatoka. Dada aliwaacha watoto na mama mmoja, akaja mbio na chaki mkononi, akamkumbatia mtaalamu mpaka buti moja likachomoka. Ndipo mtaalamu akafunua turubai.

Nilisikia bati la paa likipanuka kwa jua.

"Baba. Udongo uko wapi?"

"Si huo."

"Huu ni lori mbili. Nilikuachia tano."

"Kuna jua kali sana siku hizi."

"Nani aliingia hapa?"

"Mwizi? Hakuna. Mungu mmoja, hakuna mwizi aliyeingia."

"Kwa hiyo hakuna aliyechukua?"

"Kuchukua wamechukua," Lita akasema. "Ila mwizi hakuna. Waliomba."

Mtaalamu akamtazama kama anayesubiri neno lingine lije kulisaidia lile la kwanza.

"Mtu anakuja," Lita akaeleza kwa upole, kama anamfundisha kazi, "ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, anasema, baba, naomba kidogo cha siafu. Huyo utampulizia filimbi? Umeona wapi mwizi anaanza na habari za nyumbani?"

Hapo ndipo mambo yakawa wazi. Tangu alipoanza kazi, udongo wa pale lori la mafuta lilipokuwa likimimina, uliolowa matone miaka nenda rudi, ndio ulikuwa dawa ya mtaa wetu. Ukiuzungushia nyumba, siafu hawavuki. Ukiujaza kwenye makopo na kuyaweka chini ya miguu ya kabati, mende wanahama. Ukiushindilia sakafuni, vumbi halinyanyuki. Lita alikuwa akiugawa bure kwa moyo mweupe, na yeye ndiye aliyegundua dawa hiyo, hata alijisifu. Sasa watu walipoona lundo zima jipya limechimbwa, walikuja na mabeseni.

"Na kibao cha fuvu hawakukiona?"

"Niliwaonyesha mwenyewe! Wakasema, kama hata mtu unamdhuru, siafu watapona wapi? Wengine hawakuwa na mpango wa kuchukua. Ni kile kibao kilichowashawishi."

Mtaalamu akakaa juu ya ndoo. Akatueleza polepole kwamba cheti si cha shimo peke yake. Kila lori lina karatasi inayoufuata udongo kutoka shimoni mpaka unakosafishwa. Zimetoka tano, lazima zifike tano. Uchafu ukitolewa chini ya kituo ukagawiwa majumbani, hapo hakuna kilichosafishwa, umehamishwa tu. Hakuna afisa atakayetia saini. Na afisa anakuja Ijumaa saa sita.

Dada aliitazama chaki mkononi, akamtazama mumewe.

"Wewe," akasema. Basi. Akarudi darasani.

Nimemwona Lita akitukanwa na madereva wa malori, hakutikisika. Neno lile moja lilimfanya avue kofia. Akanigeukia. "Shemeji, lete toroli."

Tukaingia mtaani nyumba kwa nyumba. Yeye mbele na filimbi, mimi nyuma nasukuma na kuangalia chini.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba, Lita. Karibu. Umeniletea mwingine?"

"Nimekuja kuomba."

"Wewe ndiye wa kuombwa, utaomba nini?"

"Udongo. Naomba nirudishiwe."

Huyo alikuwa bibi mjane wa nyumba ya bluu. Alikuwa na makopo kumi na sita: chini ya kitanda, kabati, meza, redio, na kopo moja chini ya picha ya marehemu mumewe, ambayo ilikuwa imening'inia ukutani na haikuwa na miguu. "Siafu wakija," alisema wakati nikibeba la mwisho, "nitakutumia mtu akuite uje uwasindikize."

Fundi cherehani alikasirika. "Ulinipa mwenyewe, nikashukuru, nikakuombea na baraka. Leo unadai? Mimi niliachana na mwanaume aliyeninunulia cherehani hii, na hata yeye hakuja na toroli!"

"Dada yangu, ni kwa ajili ya watoto."

"Watoto gani? Huna watoto."

"Nina thelathini na mmoja, wanakaa kitandani kwangu."

Akacheka, akatoa beseni. Lakini maneno yale ya watoto ndiyo yaliyofungua mtaa. Ilipofika Alhamisi mchana, watu walishasikia kwamba Mwalimu anaweza kunyang'anywa kituo, na hakuna nyumba isiyokuwa na mtoto aliyefundishwa naye kunawa. Wakaacha kutungoja. Wakaanza kuja wenyewe, mmoja na ndoo, mwingine na sufuria, mwingine na beseni la kuogea mtoto. Kinyozi alileta wa kwake kwenye taulo jeupe. Mama mmoja mwenye heshima zake alikuja na mkoba wa begani, akaufungua, akamwaga, akaufunga, akaondoka bila kutazama nyuma. Kufikia jioni tulishindwa kufunika lundo kwa turubai lile lile.

Ijumaa asubuhi mtaalamu akapima kwa kamba. Akapima tena kutoka upande wa pili.

"Lori saba," akasema.

Lita akatoa kifua mbele. "Nimekuzidishia."

"Baba, shimo lilitoa tano."

"Na mbili za shukrani."

"Hizo mbili zimetoka wapi?"

Hapo nikaona akili ya msichana yule inavyotembea. Alitazama lundo, akatazama nyumba, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umegawa udongo huu miaka mingapi?" Watu hawakurudisha wa wiki ile tu. Walirudisha wa tangu harusi zao.

Akashika kimashine, akaanza kupita majumbani kupima kama wamerudisha wote. Kwa bibi mjane kililia mara moja, kikanyamaza. Kwa fundi kilijikohoza tu. Kwa kinyozi kimya kabisa.

"Umeona?" Lita akasema. "Mtaa msafi."

"Na kwako ulirudisha, baba?"

"Kwangu hakuhesabiki. Mimi ni mlinzi."

Tulikuwa bado hatua kumi kufika mlangoni kimashine kilipoanza. Si kulia, kupiga kelele. Mtaalamu akakizima, akakiwasha, akafikiri kimeharibika. Ndani watoto walidhani ni wimbo, wakaanza kupiga makofi kwa kukifuatisha, na mmoja akainuka akacheza mpaka katikati ya sebule. Kwenye makopo ya kitanda kililia. Kwenye kuta kililia. Kwenye sakafu kilitoa sauti moja ndefu isiyo na mapumziko, kama ya mtu aliyekanyagwa. Lita alikuwa ameishindilia sakafu nzima kwa mikono yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kila likizo, ili jozi thelathini na moja za miguu zisimtimulie mkewe vumbi. Dada alikuwa akiwaonyesha wageni sakafu ile. Alikuwa akisema, "Mume wangu si wa maua, lakini tazama sakafu."

Mtaalamu akafungua madirisha yote mawili. "Mwalimu, kichwa hakikuumi?"

"Kichwa? Miaka sita kinaniuma. Nilijua ni huyu."

"Kumbe si mimi?" Lita akauliza kwa matumaini.

"Ni wewe," tukamjibu wote watatu.

"Na watoto wakoje?" mtaalamu akauliza.

"Watulivu sana," dada akasema. "Saa nne hivi wengi wanasinzia. Wazazi wananisifu kwamba..." Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akainuka tena upesi kama aliyeungua. Sijawahi kumwona dada yangu akitoa watoto nje kwa haraka namna ile. Hakuwapanga mistari, hakuwahesabu kwa wimbo. Aliwasukuma kwa mikono miwili mpaka barabarani, kisha akasimama katikati yao akiwapangusa nyayo kwa kanga yake, mmoja baada ya mwingine.

Afisa wa mji alifika saa sita kamili, ana faili nene na kalamu mbili. Akakuta watoto thelathini na mmoja barabarani hawana viatu, lundo lililozidi turubai, na mlinzi aliyevaa kizibao anayelia kimya kimya. Akasoma karatasi zote akiwa amesimama.

"Mtaalamu. Kituo cha mafuta hali yake ikoje?"

"Safi, mkuu. Shimo sifuri, udongo mpya sifuri."

"Na hii chekechea?"

"Imejaa petroli. Na dizeli."

Afisa akavua miwani. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane," akasema. "Sijawahi kuwahamishia watoto kwenye kituo cha mafuta kwa ajili ya usalama wao." Akavaa miwani. "Lakini karatasi inasema lori tano, na mimi naona saba. Hizi mbili nani ananieleza? Siwezi kusaini kitu kisichokuwa na mwenyewe. Nikishindwa leo, Jumatatu eneo linakwenda kwenye kreti."

Dada alikuwa amepiga magoti kwenye lami na unyayo wa mtoto mkononi. Hakugeuka, lakini mkono uliacha kupangusa.

Lita akasogea. Safari hii hakutoa kifua. "Mkuu, mwenyewe ni mimi. Miaka ishirini na miwili nimewapa watu. Sikujua. Pua yangu ilikufa zamani nikaona aibu kusema, nikadhani hewa ya kila mtu ndivyo ilivyo. Ile sakafu nilimwekea mke wangu kama zawadi. Andika hizo mbili kwa jina langu, nifanyeni mnavyotaka. Yeye hakuomba udongo. Yeye aliomba mahali."

Afisa akatafuta meza, hakuna. Akaweka karatasi juu ya toroli langu, nikalishika lisitikisike, na nililishika kwa nguvu kuliko nilivyowahi kulishika likiwa na mzigo. Akaandika kwenye ukingo, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi: lori mbili za ziada, chanzo ni udongo ambao mlinzi aliwagawia jirani zake, zipelekwe na zile tano. Chini yake akaandika watoto wahamie eneo lililosafishwa leo hii. Akasaini. Kalamu ya kwanza ilikataa, nikadhani tumekwisha. Ya pili ikaandika.

Malori yakaja yakabeba lundo lote, na saa nane mchana watoto waliingia kwenye geti la kituo, kila mmoja amebeba kiti chake kichwani, kimeshaoshwa kwa sabuni. Wakubwa walibeba mlango wa kabati wenye irabu.

Nyumba ya Lita ndiyo ikazungushiwa kamba na kusimikwa kibao cha fuvu. Sakafu ilikuwa ichimbwe, wiki tatu. Mtaalamu akatafuta mlinzi wa sakafu ile, akatutazama wote, akaninyooshea kidole.

"Huyu. Mtu akimsalimia anaangalia miguu yake. Nani ataweza kumwomba kitu?"

Nikapewa kizibao. Mtu wa kwanza kuja kwenye kamba alikuwa shemeji mwenyewe, anataka shati lake. Aliniuliza habari za nyumbani, akaniuliza habari za kazi, akaongea robo saa nzima. Mimi niliangalia miguu yangu. Akaondoka bila shati.

Yeye na dada wanalala kwangu siku hizi. Kitanda cha Lita kimekuja pia, kimesuguliwa miguu mara tatu, kimejaza chumba changu chote. Analala mchana, anakoroma kama katapila, na hakuna wa kumwandika. Mimi nalala kwenye mkeka jikoni na navalia suruali huko huko.

Jumatatu niliomba ruhusa ya nusu saa nikaenda na toroli langu kuona chekechea inavyofunguliwa. Dada alisimama mlangoni pa chumba cha keshia na daftari la mahudhurio. Alitegemea thelathini na mmoja. Wakaja hao, kisha wakaja wengine, ambao wazazi wao miaka yote walikuwa wakisema bado ni wadogo, kumbe walikuwa wanaogopa harufu na wanaona haya kumwambia. Akahesabu arobaini na saba. Wale wa zamani walikuwa macho, wote, wanaruka, wanapigana, wanapanda nguzo, hapakuwa na hata mmoja aliyesinzia. Kelele zao zilisikika mpaka kwa kinyozi.

"Mungu wangu," dada akasema, "kumbe ndivyo walivyo."

Mtoto mmoja akapita katikati ya miguu yake akimkimbiza mwingine na sifongo ya ubao. Dada akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kando hajui kama anaruhusiwa kuingia.

"Usisimame tu hapo, baba. Nina watoto kumi na sita wamekaa chini. Nitafutie viti."

Lita akaninyang'anya toroli na kutoka mbio.